Kioo kwenye Ufa wa Jumba la Liwali

Mlipokuja kuniaga pale yadini mlinipa saa ya ukutani, mkaniambia niandike mambo ya kazi ili nyinyi mliobaki mpate kujifunza. Saa nimeitundika sebuleni. Hukimbia dakika tano kila siku, kwa hiyo ina haraka kuwashinda baadhi yenu. Na kuandika nimejaribu. Vyeo sitavitaja, mishahara mnaijua, na namna ya kuchanganya saruji imeandikwa kwenye mfuko wake. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifunza, na kazi moja ambayo miaka yote hii nimekuwa nikiisimulia nusu.

Nilifika Kwale miaka michache kabla ya uhuru, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwiko wangu kiunoni na maringo yangu kichwani. Kwetu ni bara, mbele kidogo ya Mackinnon Road, mahali ambapo mvua ni habari ya kusimuliwa na wazee. Nilikuwa nimejenga vyumba vya matofali ya saruji kando ya reli, nikadhani najua kujenga. Nikapelekwa kwa Fundi Ndaro, mtu wa Mwabungo, mfupi, mpole, kofia yake ya kufuma imelowa chokaa hata haikujulikana ilikuwa rangi gani.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akautwaa mwiko wangu, akautazama mbele na nyuma, akauweka juu ya dirisha. Kisha akanipa nyundo ndogo na kunionyesha lundo la mawe ya matumbawe.

"Gonga, sikiliza," akasema. "Linalolia liweke kulia. Lililonyamaza, kushoto."

"Na linalolia kidogo, Fundi?"

"Hilo liweke kando uje uligonge tena kesho. Huenda leo ni wewe usiyesikia."

Niligonga mawe siku nne. Mwiko wangu ulikaa dirishani wiki tatu. Siku aliponirudishia, nilikuwa nimeshajua kwamba nilichokuwa nikikifanya kule relini kilikuwa kupanga tu, si kujenga.

Fundi Ndaro alinifunza kuchoma chokaa juu ya magogo ya mnazi, kuizima kwa maji na kuiacha ilale mpaka itulie. Alinifunza kuamini timazi, ule uzi wenye uzito nchani, kuliko jicho. Mkono wake wa kulia ulikuwa na akili yake peke yake. Aliweza kuzungumza nawe huku mkono huo unapiga lipu nyuma yake, na lipu ikatoka kama maziwa kwenye bakuli. Hakupaza sauti. Ukikosea, alisema, "Bomoa," akaendelea na kazi yake. Neno hilo nililisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Uhuru ulitukuta juu ya paa la shule moja huko Ukunda. Tulishuka, tukaimba na wenzetu, na kesho yake tukapanda tena kwa sababu paa lilikuwa bado linavuja. Mwaka wa pili baada ya hapo, masika yakiwa yamekaza, tukaitwa Msambweni kwenye jumba la Liwali.

Wengi wenu hamkuliona. Lilikuwa nje kidogo ya mji, ghorofa moja juu, kuta za matumbawe zenye unene wa mkono mzima, mlango wa mbele umechongwa minyororo na maua pembezoni. Mbele palikuwa na baraza pana ya mawe. Juu, vyumba vitatu. Nyuma, ghala refu lenye tundu za hewa ndogo ndogo, na kutoka ghalani ngazi nyembamba iliyopanda gizani mpaka juu. Ngazi ya mbele, pana, ilikuwa ya Liwali na wageni wake. Ya nyuma ilikuwa ya waliobeba maji.

Liwali mwenyewe, Mwidani bin Athumani, alitawala pale kwa niaba ya Sultani wa Unguja katika zama za babu zetu. Habari zake nilizipata kwa Fundi Ndaro tukichimbia nguzo, na watu wa mji walizijua hivyo hivyo. Alianza kama katibu wa liwali aliyemtangulia. Siku moja ikaja barua kutoka kwa Sultani, barua ya kumkaripia bwana wake. Katibu mwingine angeilainisha njiani. Mwidani akaisoma barazani neno kwa neno mbele ya wazee, kwa sauti ya kutulia, na barua iliyofuata ikamkuta yeye ndiye liwali. Akajenga jumba lile kwa mawe yaliyokatwa pwani wakati wa maji kupwa na kubebwa na watu wasioulizwa kama wanataka. Wazungu walipokuja na kampuni yao na bendera yao, wakubwa wengine wa pwani waliingia msituni na bunduki. Yeye aliwapa wageni kahawa na halua, akatia sahihi mkataba wao katika chumba cha juu, akabaki na cheo chake. Inasemekana tangu hapo aliweka bendera mbili kabatini na kila asubuhi aliuliza habari za mjini kabla ya kuagiza ipandishwe ipi.

"Alikuwa mtu mbaya?" nilimwuliza Fundi.

"Ile njaa kubwa ilipokuja, alifungua ghala," akasema. "Hapa mjini hakufa mtu. Waulize watu wa hapa, watakwambia alikuwa baba." Akapiga nguzo nyundo mbili. "Waliotoka bara wakiomba mtama, aliwapa pia. Ila wao waliacha mtoto."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nyanya yangu alikuwa na dada mkubwa aliyeitwa Mbeyu. Njaa hiyo hiyo ilipowabana, baba yao alimchukua Mbeyu akateremka naye pwani kwa liwali mmoja wa kusini, akarudi na mtama mabegani bila mtoto. Mtoto alikuwa rehani tu. Mvua ikinyesha angekwenda kumkomboa. Mvua iliponyesha, baba yao alikuwa ameshakufa. Nyanya alinisimulia hivyo tangu nina miaka mitano, na kila mara alimaliza kwa kuuliza, kama kwamba mimi ndiye ningejua, "Sasa alikula nini njiani?"

Ndani ya jumba lile alibaki mtu mmoja, Bi Zuhura, mjukuu wa Liwali, mwanamke wa miaka sabini na zaidi, mwembamba, amenyooka kama nguzo ya msikiti. Aliishi vyumba vya juu peke yake, akitembea na mitalawanda, vile viatu vya mbao, kwa hiyo ukiwa chini ulijua daima alipo: ko, ko, ko.

Siku ya kwanza tulipanda kumwamkia. Alimpokea Fundi kwa adabu, kisha akanigeukia.

"Na wewe kijana, ni wa wapi?"

"Kwetu ni bara, Bi Mkubwa. Upande wa Mackinnon Road."

Akatabasamu. "Aa. Kumbe wa kwetu."

Alilisema kwa upole, nadhani hata kwa mapenzi. Lakini mimi nilielewa anavyomaanisha "wa kwetu", na damu ikanipanda mpaka masikioni. Nikashuka bila kuaga.

Kazi tuliyopewa ilikuwa hivi. Ukuta wa mbele ulikuwa umevimba. Mvua zilikuwa zimeingia ndani ya chokaa, na vichwa vya boriti vilivyobeba sakafu ya juu vilikuwa vimeoza ukutani. Sehemu ya mbele ibomolewe, ghala na upande wa nyuma vitengenezwe viwe zahanati ya kina mama. Bi Zuhura alitafutiwa vyumba viwili kwa jirani. Akakataa.

"Nimezaliwa juu, nitatolewa juu," akamwambia Fundi. "Nikishatolewa, bomoeni mpendavyo."

Aliyesimamia kazi alikuwa ofisa kijana, mgeni kutoka bara ya mbali, soksi ndefu, kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na barua iliyomtaka amalize, na nje ya uzio walikusanyika vijana kila siku wakipiga kelele "Bomoa! Bomoa!", wengine wajukuu wa watumwa waliolala ghalani, wengine wajukuu wa waliolishwa mtama, na wengine walikuwa hawana kazi tu.

"Nyinyi watu wa pwani mnapenda maneno mingi," akamwambia Fundi Ndaro. "Huyu mama ni mmoja. Nitaleta askari wamshushe."

"Askari wakimkamata mwanamke mzima mkono, Bwana, mji huu hutautawala tena," akajibu Fundi. "Na mimi sitoi jiwe hata moja mtu akiwa ndani. Nipe siku nne."

Fundi akakata vipande vitatu vya kioo cha dirisha, kila kimoja urefu wa kidole. Wale waliofanya kazi nami wanajua jambo hili, maana nimewachosha nalo. Ukitaka kujua ufa umelala au unatembea, unapachika kioo kwa lipu juu yake, upande huu na upande huu. Ukuta unaweza kukudanganya, kioo hakiwezi. Kikikatika, ukuta umesogea.

Kioo cha kwanza tulikipachika Jumamosi ndani ya sebule ya chini, kwenye ufa mkubwa kando ya ngazi ya mbele. Kilikatika Jumatatu. Cha pili tulikipachika Jumatatu hiyo, kikakatika Jumanne alasiri. Fundi alikitazama muda mrefu, akaongeza nguzo mbili za kuegemeza nje, akapanda kumsihi Bi Zuhura, akashuka ameshindwa.

Jumatano asubuhi mvua ilinyesha kwa nguvu, kisha jua likatoka kali, ukuta ukaanza kutoa mvuke. Fundi akapachika kioo cha tatu, cha mwisho. Akaniweka mbele yake.

"Usitazame kitu kingine," akaniambia. "Kikilia, niite. Ngazi ya mbele bado yashika. Nikipata nafasi ya kuvuta pumzi kumi, nitamteremsha hata kwa kumbembeleza kwa Mtume."

Akatoka nje kuzungumza na ofisa, aliyekuja na askari wawili. Nikawasikia wakibishana, na vijana wakipiga kelele uzioni. Juu ya kichwa changu, ko, ko, ko.

Sasa ndiyo nusu ambayo sikuisimulia.

Kioo kilikatika. Kilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja ukucha. Nikauona mstari mweupe umekipasua kati. Mdomo wangu ulikuwa wazi, jina la Fundi limeshafika mbele ya ulimi. Nikaufunga.

Sikupanga. Nawaapieni sikupanga. Nilisikia ile mitalawanda juu, nikamsikia akisema "wa kwetu", nikamwona nyanya yangu akiniuliza alikula nini njiani, na kitu ndani yangu kikasema: acha. Hujafanya lolote. Jumba walijenga wao, liwaangukie wao. Nikasimama hapo, mwanamume mzima mwenye mwiko kiunoni, nikakitazama kioo kilichopasuka. Muda gani? Sijui. Vumbi lilianza kudondoka kutoka darini, jembamba, likimiminika kama unga kwenye chekeche, likatua begani kwangu. Na juu, Bi Zuhura akaanza kukohoa. Kikohozi cha kizee, kikavu, cha mtu asiye na wa kumletea maji.

Hapo nikapiga ukelele. "Fundi! Kioo!"

Aliingia mbio, hakukitazama hata kioo, akapanda ngazi ya mbele vidato vitatu, cha nne kikaondoka chini yake. Upande mzima wa ngazi ulimeguka kutoka ukutani. Niliona akianguka, nikaona jiwe la kidato likishuka nyuma yake. Vumbi lilipopungua, alikuwa amekaa chini ameegemea mlango, mkono wake wa kulia uko chini ya jiwe.

Tulilinyanyua na askari mmoja. Mkono sitaueleza. Alikuwa amepauka, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Yule mama," akasema. "Pita nyuma. Weka nguzo kwenye mlango wa ghala kwanza. Kwanza nguzo, halafu mbio."

Niliweka nguzo. Kabari niliipigilia upande, nikaing'oa, nikaipigilia tena. Kisha nikaingia ghalani na kuipanda ile ngazi ya nyuma gizani, mabega yanakwaruza kuta pande zote mbili.

Bi Zuhura alikuwa amesimama katikati ya chumba cha sahihi, mkono umeshika nguzo ya kitanda. Sakafu ilikuwa imeinama kuelekea mbele. Ufa wa dari uliingiza mwanga wa jua.

"Bi Mkubwa, tushuke. Sasa hivi."

"Ngazi imeanguka. Nimeisikia."

"Ya nyuma ipo."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia aruke dirishani. "Sijapita njia ile tangu kuzaliwa."

"Najua, Bi Mkubwa."

"Wajua?"

"Wapitaji wake ni wa kwetu."

Sijui kama alilisikia nililolisema au nilivyolisema. Nyumba ikanguruma, kitu kikaanguka barazani, watu wakapiga mayowe nje. Yeye akageuka, akaenda kwenye kasha.

"Wafanya nini?"

"Navaa buibui."

"Bi Mkubwa, nyumba yaanguka!"

"Basi ianguke nami nimejisitiri," akasema, na akavaa, akafunga vizuri chini ya kidevu, na mimi nikasimama nikihesabu nyufa. Kisha akavua mitalawanda, akaipanga pembeni kama mtu anayeingia msikitini, akaja miguu mitupu.

Kumshika sikuthubutu. Nilimpa pindo la shati langu kwa nyuma, akalishika. Tukaanza kushuka, mimi mbele. Dari ya ngazi ile ilikuwa ya chini, ilimbidi ainame, na nadhani mgongo ule ulikuwa haujainama kwa mtu. Lilikuwa giza tupu. Vidato vilikuwa vimelika katikati kwa miguu ya miaka. Nilimsikia anahema kwa woga.

Kisha akaanza kujisemea taratibu, neno moja kwa kila kidato, kama mtu anayejiongoza.

"Mbeyu. Mbeyu. Mbeyu."

Nikasimama. Aligonga paji lake mgongoni mwangu.

"Mbona wasimama?"

"Hilo neno, Bi Mkubwa. Umelitoa wapi?"

"Alikuwa akilisema Faida, mlezi wangu. Alipopanda na maji ngazi hii, mimi nilikaa juu kule kumngoja, nikimsikia akihesabu vidato. Mbeyu, Mbeyu, mpaka juu. Nikadhani ni namba za kwao." Akavuta pindo la shati. "Twende, kijana. Mbona walia?"

Nikamwambia silii, ni vumbi. Tukashuka. Vidato vilikuwa kumi na tisa. Kwenye ghala akasimama kidogo, akatazama zile tundu za hewa, akauliza, "Alikuwa akilala hapa?" na mimi nikajibu kwamba naona ndivyo, maana sikuwepo. Tukatoka uani. Hatukufika uzio kabla ukuta wa mbele haujalala chini kwa ukamilifu wake, mlango wa minyororo na maua ukiwa wa mwisho kuinama. Vijana waliokuwa wakipiga kelele "Bomoa" walirudi nyuma. Hakuna aliyeshangilia. Ofisa alivua kofia yake, sijui kwa nini.

Watu wakanipongeza. Walinibeba karibu juu. Nikasimulia: kioo kilikatika, nikaita, Fundi akaumia, nikapita nyuma. Kila neno lilikuwa la kweli. Mkono wa Fundi Ndaro ulitibiwa ukapona kwa kiasi cha kushika tasbihi, si mwiko. Miezi michache baadaye nikapewa nafasi yake. Sasa mnajua kwa nini vyeo sivitaji.

Bi Zuhura alikaa kwa yule jirani, kwenye vyumba viwili alivyovikataa. Nilikwenda kumwona, nikamweleza Mbeyu ni nani. Aliuliza jina la baba yake Mbeyu, na jina la mama, na mahali. Aliyauliza kwa kukatiza, kama mtu anayeona aibu kwa kuchelewa kuuliza. Akaniambia Faida alipotangaziwa kuwa yuko huru, Liwali akiwa amewaita wote barazani, aliuliza njia ya kwao ni ipi, na hakuna aliyeijua. Akarudi ghalani. Faida alikufa wakati Bi Zuhura ameshaolewa. "Nilimlilia kuliko mamangu," akasema. "Na jina lake nilikuwa sina."

Nyanya yangu nilimleta kwa lori la mawe, amekaa mbele na dereva, hajapata kuiona pwani. Bi Zuhura alituongoza mwenyewe hadi makaburini, hatua ndogo ndogo, akatuonyesha mahali penye jiwe lisilo na maandishi. Wazee wawili hawakuwa na lugha ya kuelewana vizuri. Nyanya alipiga magoti, akaweka mkono chini, akaita kwa sauti ya kumwita mtu aliye shambani, "Mbeyu! We Mbeyu!" Bi Zuhura akaitikia nyuma yake, kwa niaba ya aliyelala pale, akasema, "Labeka." Nyanya akageuka akamtazama muda mrefu. Kisha akampa mkono amwinue.

Kwa Fundi Ndaro nilichelewa. Nilimtembelea kila Ijumaa kule Mwabungo, nikampelekea samaki na tumbaku, nikarudi na lile neno mdomoni. Mwezi wa saba tangu aumie nikamkuta amekaa ukumbini, nikasema shikamoo na papo hapo nikayamwaga yote: kioo, mlio, mdomo nilivyoufunga, kikohozi.

Aliniacha nimalize.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Ukuta wa ndani ulikuwa bado umesimama mlipokuwa mkininyanyua, kioo kiko mbele ya uso wangu. Kioo kilichokatika sasa hivi, ufa wake ni safi. Kile kilikuwa kimeshaingia vumbi jembamba la darini, na lile zito la ngazi limetua juu yake."

Nilishindwa kumtazama. "Mbona hukuniuliza, Fundi?"

"Nilitaka uje mwenyewe. Umechukua miezi saba." Akasugua mkono wake mbovu kwa ule mzima. "Kule ndani ulichukua muda gani?"

"Sijui. Wallahi sijui."

"Basi haikufika miezi saba," akasema. "Hasira niliyo nayo ni nyingi, usidhani sina. Asubuhi nikishindwa kufunga kikoi changu nakutaja, na sikutaji kwa wema. Lakini uliita. Na ulipanda." Mimi nikangoja anifukuze. Akainuka polepole. "Kisima cha jirani kimebomoka ukingo. Kesho Jumamosi. Njoo na mwiko."

Nilikwenda alfajiri. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia yake ile ile, akinielekeza kwa kidevu. Nikagonga mawe, nikachagua, nikapanga, nikatia chokaa. Jua lilipopanda nikarudi nyuma kuutazama ukingo, nikaona umenyooka.

"Bomoa," akasema.

Nikabomoa, nikajenga tena. Akainama akaupigia jicho.

"Bomoa."

Nikabomoa. Adhana ya adhuhuri ilinikuta nimemaliza mara ya tatu, jasho linadondoka kisimani. Fundi Ndaro alisogea, akaupapasa ukingo wote kuzunguka kwa mkono wake wa kulia, ule usioshika tena mwiko, polepole, jiwe baada ya jiwe. Kisha akaondoka kwenda kutawadha, na hakusema neno.